Kiganja cha Tarishi

Chicago, 15 Oktoba 1967

Mdogo wangu Duane,

Nakuandikia nikiwa nimekaa dirishani, miguu juu ya kiti, nimevaa sweta ya mume wangu. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo nikalitazama mpaka wino ukakauka. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tuoane, na bado nikisikia buti zake kwenye ngazi moyo unaruka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, ila kuku huyu anamkimbilia mwewe wake mlangoni. Mwenye nyumba wetu, Bi. Mrozek, anagonga dari kwa fimbo ya ufagio: “Nyie maharusi! Kicheko chenu kitaniangushia taa!” Emmett humjibu, “Bi. Mrozek, ukianguka na taa nitakuletea barua ya pole mwenyewe.” Nilikwambia kwamba shemeji yako ni tarishi wa posta? Nilikwambia mara kumi. Nakwambia tena.

Sasa mambo yako. Ulinitaka nikutafutie chuo cha mjini, kwenye watu, ambako mtu akiuliza swali haambiwi amekosa adabu. Jumapili tatu mfululizo mimi na Emmett tumetembea vyuoni tumeshikana mikono kama watalii. Kimoja kina ukuta mrefu na bustani iliyonyolewa. Nilimwambia Emmett, hapa Duane atakufa kwa usingizi. Kingine ni kizuri lakini wanafunzi wote wamevaa koti la rangi moja.

Kisha tukafika Lathrop. Duane, chuo hiki hakina hata uzio! Kimekaa katikati ya mtaa kama mtu aliyekaa sokoni. Mlango wa maktaba unatazamana na duka la samaki, treni ya juu inapita kwa kishindo kiasi kwamba mwalimu hunyamaza nusu dakika na kuendelea. Kwenye ngazi kijana mwenye ndevu na msichana mweusi walikuwa wanabishana na mzee mmoja juu ya vita, sauti juu, vidole hewani. Nilijua watapigana. Kumbe mzee ndiye mwalimu wao, na walipochoka akawanunulia kahawa! Nilimkumbuka mwalimu mkuu wako, Bw. Lindgren, na ile rula yake. Nikatamani ungekuwa pale, umesimama ngazi ya tatu, unatikisa kichwa kama kawaida yako kabla hujasema neno la kumuudhi mtu.

Peleka maombi Boston na New York pia, mtu hapandi mbegu moja. Lakini moyo wangu uko Lathrop, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka sufuria yangu.

Na lile tusilopenda kuliandika nalijua. Umetimiza miaka kumi na tisa. Mwaka ule uliokaa nyumbani baba alipofia ndani ya ghala la nafaka, ukafanya kazi ya mtu mzima, leo unakugeukia. Mwenye chuo anaachwa asome. Asiye na chuo, Bw. Kolar na wenzake wa kamati ya uandikishaji wanamwita jeshini, na siku hizi anayeitwa anakwenda Vietnam. Kwa hiyo chagua unachopenda, mdogo wangu, lakini chagua.

Dada yako mwenye furaha ya kutia aibu,
Marlys

*

Prosek, Nebraska, 12 Novemba 1967

Dada Marlys,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu. Nimeisoma chini ya trekta, mahali pekee ambapo Mama haji kuniuliza ninasoma nini.

Nimeomba vyuo vitatu: Boston, New York, na Lathrop yako. Bi. Sundquist wa Kiingereza ameniandikia sifa, akasema nisiseme. Mama anadhani nitaomba chuo cha kanisa kilichopo jirani, ambako Bw. Lindgren ana binamu, na mimi nimemwacha adhani hivyo.

Lakini kuna jambo. Niliandika makala kwenye gazeti la shule. Ilikuwa na swali moja tu: katika vijana kumi na mmoja waliopelekwa vitani na wilaya yetu, mbona hayumo hata mtoto mmoja wa mjumbe wa kamati? Sikutukana mtu. Lindgren aliniita ofisini.

“Duane, kijana wangu, akili unayo. Lakini akili bila adabu ni trekta bila breki.”

“Mwalimu,” nikamwambia, “trekta letu halina breki tangu baba yu hai, na bado tunalima.”

Hakucheka. Amesema chuo cha kanisa hakitapata neno lake mpaka nisimame mbele ya shule nzima nisome barua ya kuomba radhi. Nimemwambia nitafikiri. Sijaanza kufikiri. Bw. Kolar bado ananiuzia misumari dukani kwake, ila sasa hanitazami usoni, na yeye ndiye aliyenifundisha Zaburi nikiwa na miaka saba.

Kwa hiyo ni hivi vitatu, dada. Usimwambie Mama.

Niambie zaidi juu ya ngazi ile.

Duane

*

Chicago, 21 Januari 1968

Mdogo wangu,

Theluji imefika dirishani na Emmett amerudi na barafu kwenye nyusi. Nilimvua buti nikamkalisha karibu na jiko, nikamwambia kwamba maombi yako yamekwenda. Una bahati, kwa maana nimeolewa na mtaalamu!

Anasema hivi. Miaka sita amebeba mfuko wa barua mtaani kwake, na kila Aprili vyuo vinapotoa majibu, yeye hujua kabla ya mwenye barua. Anaweka bahasha kiganjani, hivi, kama mama anayepima unga. Nene, ni ndiyo: ndani wameweka fomu, ramani, picha za mabweni, maana wanakukaribisha. Nyembamba, ni hapana: kumwambia mtu hapana, karatasi moja inatosha. “Sijakosea hata mara moja, mke wangu,” akaniambia. “Nikiwa na nene napiga kengele. Nikiwa na nyembamba natumbukiza kwenye sanduku na kuondoka haraka, nisione mtoto wa watu akilia.” Ona alivyo na moyo! Nilimbusu kiganja hicho hicho.

Basi sikiliza dada yako. Nene ikija, fungua, piga kelele, mkumbatie hata Lindgren. Nyembamba ikija, usiifungue. Ya nini kusoma “tunasikitika” ukautia moyo doa? Itupe jikoni iungue na uendelee na maisha. Tena haitakuja.

Nakupenda, na Emmett anakusalimu shemeji yake, na kiganja chake kinakusalimu pia.

Marlys

*

Prosek, 9 Aprili 1968

Dada,

Boston ilikuja Jumatano. Nyembamba. Sikukusikiliza, niliifungua. “Tunasikitika.” New York ilikuja jana, nyembamba vilevile, nikafungua tena kwa ubishi. Hao hawakusikitika, wao “wanajuta”. Mwambie Emmett ana mkono wa nabii.

Lathrop bado. Hiyo ikija nyembamba sitaifungua, naapa. Mara mbili zinatosha.

Mama amejua. Aliiona bahasha ya New York mezani. Hakugomba, aliendelea kukata tambi. Kisha jana jioni televisheni ikaonyesha Chicago inavyoungua, tangu yule mhubiri mtetezi wa weusi alipouawa kule Memphis, na askari kwenye kona zenu. Mama akasema, “Huko ndiko dada yako anakokuita?” Nikamwambia watu wamechoka, Mama, mtu akichoka kusema anawasha kiberiti. Akasema, “Baba yako alichoka maisha yake yote na hakuchoma hata kibanda cha kuku.” Nikatoka kwenda kufunga kibanda cha kuku.

Mzima wewe? Emmett anapita mitaa ile?

Lindgren ananisubiri. Ananipa mpaka Mei.

Duane

*

Chicago, Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili 1968

Duane wangu,

Tuko wazima! Mwambie Mama tuko wazima. Siku mbili Emmett alirudi ananuka moshi, na siku moja askari kijana, uso kama wako, alimsimamisha na bunduki akamuuliza mfukoni kuna nini. “Bili za umeme,” Emmett akamjibu, “unataka moja?” Nililia alipokuwa anasimulia, kisha nikacheka, kisha nikalia. Maduka matano ya mtaa wa nyuma yamekuwa majivu. Mpiga chapa, fundi viatu, duka la mikate tulilonunua keki ya harusi. Nilisimama mbele ya majivu hayo nikashika mkono wa mume wangu na nikafikiri, mji unaweza kuungua na bado mtu akawa na mtu wa kushika mkono.

Usikate tamaa na mji huu. Ngazi za Lathrop bado zipo. Jana walikuwa wamekaa pale wanaimba, weusi kwa weupe.

Na sasa siri! Kile chumba kidogo cha nyuma tumekipaka rangi ya njano. Njano ya kiini cha yai la kuku wa Mama. Ni chako. Emmett amekutengenezea rafu ya vitabu, imepinda kidogo, usimwambie. Wenzako watalala bwenini wakila maharage baridi, wewe utakuja hapa Jumamosi utakula nyama.

Kiganja cha Emmett kinawasha, anasema. Hiyo ni dalili ya nene.

Dada yako,
Marlys

*

Prosek, 20 Aprili 1968

Dada,

Lathrop imekuja juzi. Nyembamba.

Nilitimiza kiapo. Sikuifungua. Kuichoma nilishindwa, sijui kwa nini. Nimeichomeka nyuma ya picha ya baba, ndani ya fremu, yeye hasomi.

Rafu isipotee. Weka vyungu.

D.

*

Chicago, 5 Mei 1968

Duane, Duane wangu,

Wiki mbili nimekuwa nikianza barua hii na kuichana. Nimelia kwa ajili yako mpaka Bi. Mrozek akaja juu kuuliza kama Emmett ananipiga. “Emmett?” nikamwambia. “Huyu anaomba radhi akikanyaga kivuli changu!”

Lakini lazima nikwambie, nitapasuka: nina mimba! Daktari amesema Desemba. Emmett aliposikia alikaa sakafuni na mfuko wa barua mgongoni. Najua si wakati wa kumwimbia mtu aliyefiwa na ndoto yake. Nisamehe. Furaha yangu haina adabu, inaingia bila kubisha hodi. Chumba cha njano kinabaki chako, mtoto atalala na sisi.

Usikasirike nikikushauri. Soma ile barua ya radhi. Ni maneno tu, mdogo wangu, hewa inayotoka mdomoni. Soma huku umepishanisha vidole mgongoni ili yasihesabiwe, uende chuo cha kanisa, mwaka ukipita tutakuhamishia huku. Bw. Kolar hatakugusa ukiwa chuoni.

Jambo moja linanipa faraja: angalau ya tatu hukuifungua. Nilikuokoa na chozi moja. Hilo dada yako alilifanya.

Na nicheke nawe kidogo kabla sijafunga. Emmett anasema mji umeingia wazimu tangu ule moto. Aprili hii ametumbukiza bahasha nyembamba mtaani kwake, na kabla hajafika nyumba ya pili anasikia watu wanapiga kelele za shangwe! Msichana mmoja alimkimbilia akamkumbatia barabarani. Kwa nyembamba! “Mke wangu,” ananiambia, “siku hizi watu wanasherehekea hata kukataliwa.” Nilicheka mpaka brashi niliyokuwa napakia rangi rafu yako ikaniponyoka.

Jibu upesi, mjomba mtarajiwa.

Marlys

*

Prosek, 26 Mei 1968

Dada Marlys,

Hongera. Nimeifurahia habari ya mtoto kuliko nitakavyoweza kuandika. Nimemwambia Mama, ameanza kufuma kitu cha kijani ambacho kina mikono mitatu.

Ushauri wako niliufuata. Nilikwenda kwa Lindgren mwenyewe, bila kuitwa, nikamwambia nitasoma. Aliniandikia maneno. Jumatatu nilisimama jukwaani. Ukumbi ulikuwa umejaa, wazazi pia, na Bw. Kolar safu ya mbele na kofia magotini. Nikasoma, “Nawaomba radhi wote niliowakosea.” Mpaka hapo sauti ilikuwa nzuri. Kisha nikainua macho kwa bahati mbaya, nikamwona Ardith Svoboda. Unamkumbuka kaka yake, Gaylen, aliyekuwa anatuibia tikiti. Ni wa saba katika wale kumi na mmoja. Walimrudisha Machi, na sanduku hawakuruhusu lifunguliwe. Ardith alikuwa ananitazama, hana hasira, anasubiri tu kuona nitasema nini.

Nilikunja karatasi nikashuka.

Lindgren akaniambia mlangoni, kwa upole kabisa, “Nilikuwa nakutafutia njia, kijana.” Naamini alikuwa ananitafutia. Hilo ndilo baya lake.

Kamati imeniweka daraja la kwanza la kuitwa. Bw. Kolar alileta karatasi mwenyewe badala ya kuituma, akakaa jikoni kwa Mama akanywa kahawa. Akasema, “Alvina, sheria ni sheria, sikuitunga mimi.” Mama akamwongezea kahawa.

Usijilaumu kwa lolote. Nasema kwa lolote.

Duane

*

Kambini, Louisiana, 15 Septemba 1968

Dada,

Joto la hapa lingeivisha mkate bila tanuri. Sajini anatuita majina ambayo siwezi kuyaandika kwa mwanamke mja mzito. Mimi ananiita Profesa, kwa sababu siku ya kwanza aliuliza nani ana swali na mimi nikainua mkono.

Mwambie Emmett sayansi yake imefika jeshini. Nasi tunapima bahasha viganjani. Nene ni ya mama, ina magazeti ya kijijini na soksi. Nyembamba ni ya mchumba, na mchumba akiandika nyembamba jua ameshapata mwingine. Jamaa mmoja wa Tennessee, Odell, amebeba nyembamba mfukoni wiki nzima hajaifungua. Jana nikamwambia, “Fungua, ndugu yangu. Bahasha haina uzito wa maneno.” Akanijibu, “Wewe Profesa unajua nini?” Akafungua. Msichana alikuwa hana karatasi zaidi, basi. Anampenda. Odell alicheza pale kwenye tope na buti moja.

Baada ya hapa ni mafunzo mengine ya wiki nane, kisha ng'ambo. Sote tunajua wapi.

Tumbo likoje?

Duane

*

Prosek, 12 Januari 1969

Mwanangu Marlys,

Kitu cha kijani nimekituma. Mkono wa tatu nimeukata. Mbusu Rosalind kwa ajili ya bibi yake, na msiwe mnamfunika uso.

Duane ameandika mara moja tangu afike Vietnam. Anasema mvua, na kwamba wanakula pichi za kopo. Hasemi zaidi.

Nakuandikia jambo. Jumanne nilishusha picha ya baba yako ili niiweke ile ya Duane na sare pembeni yake, fremu moja. Nilipotoa ubao wa nyuma ikaanguka bahasha ya chuo cha huko kwenu, Lathrop. Ilikuwa imeshafunguliwa, kwa kisu, vizuri. Nimesoma mara nyingi mpaka naikumbuka. Imeandikwa:

“Tunafurahi kukujulisha kwamba umekubaliwa. Nafasi yako tutaishika hadi tarehe mosi Mei. Tafadhali rudisha kadi iliyomo. Fomu na maelezo mengine vitafuata tukipata jibu lako.”

Na kadi imo, haikujazwa.

Marlys, alikubaliwa. Mtoto wangu alikubaliwa mjini alikotaka, akaificha nyuma ya baba yake, akakaa. Sasa nimeelewa. Hakutaka kuniacha peke yangu na nyumba hii. Nakumbuka niliyomwambia juu ya Chicago, ule usiku wa televisheni, na alivyotoka nje bila kubishana. Alijua Kolar atamwita, na bado akakaa na mimi mpaka siku ya mwisho. Ni fahari, mwanangu, lakini inauma kama jino. Nimemwambia mchungaji. Nimemwambia na mke wa Kolar, kwa makusudi, mbele ya watu. Uso wake ulibadilika.

Usimuulize Duane. Sitaki ajue kwamba nimejua. Wewe niambie tu kama nimeelewa sawa.

Mama yako

*

Chicago, 19 Januari 1969

Duane,

Mama amekuta bahasha. Ameniomba nisikuulize na mimi nakuuliza.

Jana nilimfunga Rosalind kifuani nikatembea zile dakika kumi na mbili mpaka Lathrop. Wakati wote nilikuwa najiambia Mama amesoma vibaya. Karani wa pale alikuwa mama mtu mzima, akanipa kiti kwa sababu ya mtoto. Akafungua daftari. “Duane Kadlec, Nebraska,” akasema, “ndiyo, tulimkubali. Hakutujibu.” Nikamuuliza kwa nini barua ilikuwa nyembamba. Akanitazama. Akasema mpiga chapa wao aliunguliwa na duka Aprili ile, pamoja na fomu zote na ramani na picha za mabweni, kwa hiyo mwaka jana waliwatumia waliokubaliwa karatasi moja na kadi. Mwaka jana tu. “Watu walielewa,” akasema.

Mpiga chapa. Nilisimama mbele ya majivu yake nikakuandikia juu ya kushika mkono wa mume wangu.

Na ile hadithi ya watu kushangilia nyembamba nilikuandikia mimi, kwa mkono huu, kama kichekesho. Ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nachanganya rangi.

Siku zote nilidhani mtu mwenye furaha hawezi kumdhuru mtu. Nilikwambia usifungue kwa sababu nilikuwa nimependa, na kila alichosema Emmett kilikuwa dhahabu kwangu, na nilitaka kukugawia. Wala sikukuuliza kama una hofu. Nimezisoma barua zako zote upya leo asubuhi. Hofu imo katika kila moja, hata kwenye mizaha. Na mimi nilijibu zote kwa habari za sweta.

Mama anadhani ulikaa kwa ajili yake. Nimjibu nini?

Na niambie, Duane: uliifungua lini? Kama uliifungua Aprili ukakaa kweli kwa ajili ya Mama, niambie, nitaweza kuishi na hilo. Kama ni baadaye, niambie vilevile.

Emmett hajui. Yuko chumba cha pili anamwimbia mtoto. Sijui nitamtazamaje kiganja.

Karani amesema ukirudi unaweza kuomba tena. Ameandika jina lako kwenye karatasi ndogo akaibana ndani ya daftari. Rudi, mdogo wangu. Nakuomba.

Marlys

*

Vietnam, 8 Februari 1969

Dada Marlys,

Niliifungua tarehe nane Mei, saa nne asubuhi, jikoni, kwa kisu cha Mama cha viazi.

Barua yako ya mtoto ilikuwa imefika asubuhi hiyo. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua. Nilipofika kwa watu wanaoshangilia nyembamba nilicheka kama ulivyotaka, nikatembea hatua kama kumi, kisha nikaacha kucheka. Nikaingia ndani nikamshusha baba ukutani.

Nilipiga simu Lathrop kutoka dukani kwa Kolar, ndiyo simu pekee ambayo Mama asingeisikia. Mwanamke wa simu alikuwa na huruma. Alisema nimechelewa siku saba, ingekuwa siku mbili angejaribu, lakini nafasi zilizobaki zimeshapewa waliokuwa kwenye orodha ya kungoja. Kolar alikuwa anapanga rangi za kopo nyuma yangu na alisikia yote. Nilipoweka mkono wa simu alisema, “Pole, Duane,” na hakunidai chochote. Ndiyo maana nikaenda kwa Lindgren. Si ushauri wako, ila nilitaka udhani hivyo.

Ungetaka nikuandikie siku ile? Ulikuwa umeniambia kwamba ulinifutia chozi moja. Ulikuwa na mimba ya wiki ngapi sijui, na mume kakaa sakafuni na mfuko mgongoni. Nilikaa mezani na kalamu saa nzima. Kila sentensi niliyoanza ilikuwa inaingia kwenye nyumba yako na kuvunja kitu. Kwa hiyo niliandika juu ya mikono mitatu ya Mama.

Sikuwa na hasira nawe, dada. Nilikuwa nayo siku mbili, tarehe tisa na kumi, zikaisha.

Mama mjibu kwamba ameelewa sawa. Ni uongo unaomfaa kuliko ukweli wetu unavyotufaa sisi. Akikaa kanisani karibu na mke wa Kolar awe na kitu cha kushika. Nami, nikifikiri sana, si uongo wote: nilipomwona anamwongezea Kolar kahawa nilijua nisingependa kuwa mahali pengine asubuhi ile.

Emmett usimwambie. Tarishi asiyeamini mkono wake atabebaje mfuko? Watu wanahitaji barua zao.

Odell ameuawa Jumamosi iliyopita. Ile nyembamba ilikuwa bado mfukoni kwake, nimeirudisha kwa msichana na maneno mawili yangu. Nilikaa muda mrefu nikitafuta maneno mengine zaidi, nisimpelekee karatasi moja tu. Sikupata.

Usiseme tena kwamba chumba cha njano ni changu. Mlaze Rosalind humo. Mtoto hafai kulala katikati ya watu wanaocheka namna hiyo. Na rafu mwachie, kwa kuwa imepinda atajua kwamba imetengenezwa na mtu.

Karatasi zangu zimelowa na hii ndiyo kavu ya mwisho, kwa hiyo Emmett atakuletea bahasha nyembamba. Chukua kabla hajaipima.

Ndugu yako,
Duane